Mirihi na Mlima wa Ng'ambo

Nyaishozi, 27 Julai 1909

Kwa binamu yangu Zubeiri, mla papa wa Tanga,

Shikamoo sikupi, maana mtani hashikiwi miguu hata akiwa amenizidi miaka sita na ndevu tatu. Salamu nyingine zote chukua. Sisi huku wazima. Babu Abdulghani mzima. Kifua humbana asubuhi, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua. Mama yako, Shangazi Zuleha, mzima. Kila mgeni anayetoka Bukoba humwuliza kama amekuona, kana kwamba Tanga iko nyuma ya boma. Dada yangu Shufaa mzima, na hapo najua umesoma polepole. Kahawa ya Nyakakika imeanza kuletwa dukani, na mpimaji ni mimi, kwa kuwa Babu anasema macho yangu makali kama ulimi wangu.

Sasa jambo lenyewe. Picha uliyoinakili kwenye kitabu cha Mzungu wako, Bwana Mpimamvua, imefika bila kulowa. Nimeibandika ukutani juu ya majora ya kaniki. Kila anayeingia namwambia, hiyo ndiyo Mirihi, ile nyota nyekundu, na hiyo mistari ni mifereji. Wakiniuliza nani kaichimba, nawajibu kama mtu aliyekuwepo siku ya kuchimba.

Unasema wataalamu wa Ulaya wamegawanyika. Wako wanaosema huko kuna viumbe wenye akili, wamechimba ili wateremshe maji ya barafu kutoka ncha za nyota yao. Na wako wanaosema ni upuuzi. Na wewe, bila haya, umekwenda kukaa na hao wa upuuzi! Sikia basi hoja ya mtu aliyesoma shule ya serikali pale Bukoba mpaka mwalimu mwenyewe akasema imetosha.

Mwenyezi Mungu hachori kwa kamba. Mto Kagera unapinda kama utumbo wa mbuzi. Bonde linapinda, njia ya ng'ombe inapinda, hata pua ya Babu inapinda. Ukiona kitu kimenyooka, jua pana mtu aliyekinyoosha. Tena Kurani inasema Mola wa walimwengu wote, wala haikusema walimwengu ni wewe na Tanga yako. Na ushahidi ninao hapa hapa: mlima wa ng'ambo, upande wa njia ya Rubwera. Unaukumbuka ule mstari mweusi uliokata ubavu wake moja kwa moja? Nani aliuchora kama si watu wa zamani waliochimba mtaro? Basi wa Mirihi nao ni hivyo hivyo.

Karibu nisahau. Babu aliniita jana baada ya alasiri, akanikalisha. "Andika kama nisemavyo, usitie chumvi." Mwenyewe hawezi kukuandikia, unajua, mwenye binti haombi. Maneno yake ni kwamba Shufaa amekungoja mwaka wa tano sasa, na Salmini wa Rubwera, yule mnunuzi wa ngozi, ametuma mtu. Mfungo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, ukiisha hujafika, Salmini atapewa. "Nimekwisha kusema," ndivyo alivyomaliza. Chumvi naitia mimi: Salmini ana kitambi kinachofika mlangoni kabla yake, na akipiga chafya mbuzi wa Rubwera hukata kamba. Fanya hima, binamu, usinyang'anywe mke na tumbo!

Na tuweke sharti. Ukishindwa hoja ya Mirihi, uje kwa miguu yako ukiri mbele ya duka. Nikishindwa mimi, nitakuja Bukoba kukubebea mzigo mpaka mlangoni, nikilia kama punda.

Ni mimi, bingwa wa nyota,
Gharib


Tanga, 24 Agosti 1909

Kwa Gharib, binamu, mwanafunzi aliyefukuzwa shule akaita kuhitimu,

Salamu zako nimezipata, pungufu ya shikamoo, nayo utailipa siku moja. Mimi sijambo. Joto limezidi, mvua hakuna, hivyo mimi na Bwana Mpimamvua kila asubuhi tunakwenda kupima kitu ambacho hakikunyesha, naye anaandika sifuri kwa heshima kubwa. Mama nimempelekea kanga kwa mkono wa mtu anayekuja na meli ya ziwani. Aniambie kama rangi ni ile aliyoitaka, kwa kuwa dukani palikuwa na giza kidogo.

Mirihi nimeitazama. Bwana aliniita kwenye darubini yake akaniambia, "Zubeiri, sema unachokiona, si ninachotaka ukione." Nikatazama. Niliona kaa la moto nyuma ya moshi, linatetemeka. Mstari sikuuona hata mmoja. Yeye mwenyewe anasema mistari humjia ghafla, kama samaki anayejigeuza majini, na akishika kalamu hayupo tena. Sasa wewe unajenga taifa zima la wachimbaji juu ya samaki kama huyo?

Mstari wa mlima wa ng'ambo naukumbuka sana. Nilikuwa nautazama kila jioni nikiwa nimekaa na nyinyi ukumbini. Lakini niambie: nyumbani kwetu kuna mtu aliyewahi kwenda kuukanyaga?

Habari ya Salmini imenichekesha mpaka wapangaji wenzangu wakaja kuuliza kulikoni. Mwambie nimekubali kushindana na kitambi chake, ila kije peke yake, yeye abaki Rubwera. Mtani wewe huna dogo.

Shufaa msalimie. Mwambie nakumbuka tulichosema kisimani. Nitakuja, kuna jambo nalingoja liishe kwanza.

Zubeiri


Nyaishozi, 20 Septemba 1909, Ramadhani mbichi

Kwa kipofu wa Tanga,

Salamu za mwenye kufunga. Babu amefunga, tumemkataza, amefunga. Mama yako kapata kanga. Aliitaka nyekundu, umemletea ya hudhurungi, lakini kaivaa siku hiyo hiyo na kuwaambia jirani zetu wote kwamba huko pwani nyekundu sasa ndivyo ilivyo.

Hiyo hati yako, binamu, imepatwa na nini? Mistari inateremka kama mbuzi wanaofuata maji. Tena mwishoni ulikata neno ukaandika lingine juu yake. Nimeinua karatasi kwenye jua nikalisoma: ulikuwa umeandika "lipone". Unaumwa nini wewe? Uvivu? Dawa yake ni jembe, njoo tukupe.

Sasa darubini. Mungu kakupa nafasi ambayo masultani hawana. Mzungu mzima kakupisha kwenye kioo chake, na wewe ukaona kaa la moto! Kaa la moto hata jikoni kwetu lipo. Wataalamu wameona mistari, wameichora, wameipa majina, Zubeiri wa Nyaishozi kaona moshi. Nimekutungia wimbo, na wachukuzi wa kahawa wameshaujua:

Kipofu wa Tanga, nyota kaiita kaa,
Mpeni fimbo apapase, asije akapotea njiaa!

Shufaa hakulelewa ili amshikie mume fimbo, nakwambia mapema. Ukija huku unaongozwa kama ombaomba wa siku ya Ijumaa, mlango nitaufunga mimi mwenyewe na komeo nitaliketia.

Babu aliniuliza baada ya futari. "Amejibu?"

"Amejibu, Babu. Atakuja. Anasema kuna jambo analingoja liishe."

"Jambo gani?"

"Hakusema."

"Na Mfungo Mosi, kausikia?"

"Kausikia. Kacheka sana."

Babu akaacha kuvuta tasbihi. "Kacheka?" Basi akaomba maji. Binamu, kwa Babu usicheke, hana meno ya kucheka nawe.

Mirihi sasa hivi inachomoza jua likizama, kubwa mno, nyekundu kama jicho la mlevi wa rubisi. Babu anasema ni nyota ya damu, haitazamwi sana. Shufaa yeye huitazama akiosha vyombo vya futari. Jana kaniambia, "Kama kuna watu huko, Gharib, nao wanatuona sisi tuko vipi?" Nikamwambia wanatuona tumenyooka. Akasema, "Basi hawatuoni." Na barua yako kataka niirudie pale kwenye kisima. Nimerudia. Kisha kaniuliza, "Na wewe ulimwandikia vipi?" Nikamwambia kama nilivyoagizwa.

Lete hoja, kipofu. Hii umeshindwa.

Gharib


Tanga, 18 Oktoba 1909

Kwa binamu Gharib bin Hamisi,

Baada ya salamu na mkono wa Idi kwa wote: kwa Babu, kwa mama yangu, kwa dada yako, na kwako. Mungu akubali funga zenu. Mimi sijambo.

Wimbo wako umefika. Wapangaji wenzangu wamesomewa wameupenda, sasa wananiimbia. Utani ni utani, mtu hakasiriki.

Kuhusu Mirihi, usiniulize tena nimeona nini. Nitakueleza alichonieleza Bwana. Kuna mahali huko Ulaya watoto wa shule walikalishwa mbali na picha ya duara. Picha hiyo haikuwa na mstari hata mmoja, ilikuwa na madoadoa na vivuli tu, kimoja huku, kingine kule. Wakaambiwa wachore wanachokiona. Wa mbele walichora madoa. Wa mbali wakachora mistari iliyonyooka, kama ile ya Mirihi. Hawakudanganya. Jicho likiwa mbali halipendi nafasi tupu, huunga. Basi labda aliyechimba mifereji ya Mirihi ni jicho lenyewe.

Wewe unayo macho mazuri, umejisifu hivyo. Mlima wa ng'ambo si Mirihi. Shuka bonde, panda, ukaukanyage huo mstari, uniandikie ulichokanyaga. Huo ndio ushahidi nitakaoukubali.

Na Shufaa, kama hataki mume wa fimbo, apewe wa kitambi. Angalau kitambi chaonekana kwa mbali.

Wasalaam,
Zubeiri


Nyaishozi, 22 Novemba 1909

Kwa binamu Zubeiri,

Salamu. Shikamoo. Ndiyo, nimekupa, ipokee upesi nisije nikaghairi.

Barua yako imetufikia juzi. Mfungo Mosi ulikuwa umeisha, na mtu wa Salmini alikuwa amekaa ukumbini anakula senene wa kukaanga, maana mwaka huu panzi hao wameshuka wengi. Babu akamwambia mgeni ampishe kidogo. Akaniambia, "Soma kwa sauti." Mama yako alikuwepo. Shufaa alikuwa nyuma ya mlango, nilikiona kivuli cha miguu yake.

Nilianza vizuri. Nilisoma salamu na Idi na watoto wa Ulaya na madoa yao. Babu hakunikatiza. Mwishoni nikaona lile neno la fimbo na kitambi linakuja, nikaliruka. Babu akasema, "Hapo umeruka." Ana macho mabovu lakini anajua mtu anaporuka. Nikalisoma.

Zubeiri, hakuna aliyecheka. Mama yako kajifunika uso kwa ile kanga yako.

Nikasema, "Babu, huu ni utani. Mimi nilimtania, naye kanitania. Ndivyo tulivyo sisi."

Babu akasema, "Utani una watu wawili. Hapa tuko wanne. Mimi nilimpelekea neno, na hili ndilo jibu lake."

"Lakini Babu..."

"Neno langu ulilifikisha?"

"Nililifikisha."

"Bila chumvi?"

Hapo nikaanza kuikunja barua. Akaniangalia mpaka nikahisi ameniona mpaka kisogoni. Kisha akasema yule mgeni aitwe.

Ndoa ni Ijumaa, siku ya pili ya sikukuu ya kuchinja. Kama ulikuwa unatania, andika. Lakini nahesabu meli na matarishi wa barua, naona barua hii itakufikia sisi tukiwa tunanoa visu. Najua hivyo na bado naandika. Ungekuwa karibu, ningekuja mbio nikupige kofi kisha nikubebe.

Jambo lingine, la kijinga. Shufaa hajui kusoma, hilo unalijua. Aliichukua barua yako baada ya watu kutoka, akaitazama, akasema, "Hii si ya mkono wake. Mistari yake huteremka. Hii imenyooka. Nani anamwandikia?" Nikamwambia umejifunza, nimekutania hati yako ukaona haya ukajirekebisha. Ni kweli, sivyo? Hati yako imekuwa nzuri sana.

Mlimani sijakwenda. Sina miguu ya mlima wiki hii.

Gharib


Tanga, 27 Desemba 1909

Kwa ndugu yangu Gharib,

Nakuamkia wewe, Babu, na mama yangu. Huyo mwingine sijui leo nimsalimu kwa jina gani.

Barua yako nimesomewa. Nasema nimesomewa. Shufaa kaona kweli. Tangu Oktoba mwandishi wangu ni Bi Mwaja, mwenye nyumba hii, anayesomesha watoto wa kike Kurani. Yeye ndiye mwenye hati iliyonyooka. Ndiye anayeandika haya sasa, na amenitaka nisimame mara mbili ili ajifute machozi, ingawa namkataza kuandika hilo.

Macho yaliniuma tangu mwezi wa Mei. Nikadhani vumbi. Ikaja kama moshi, kwanza la kushoto. Nilipoitazama ile nyota, moshi nilioueleza haukuwa wa Mirihi. Nilisema sikuona mstari, na ni kweli, lakini ningeambiwa nitazame meza nisingeuona ukingo wake. Daktari wa hapa alinitia dawa, akaniambia ngoja, huenda likapona. Ndilo jambo nililokuwa nalingoja. Nilitaka nije kwenu nikiwa mzima, au nisije.

Sikiliza sasa, nami sisemi kwa kulaumu. Neno la Babu lilinifikia ndani ya chafya na mbuzi. Nikacheka. Nani duniani hupelekewa habari ya mchumba wake na mtani? Neno la ndoa huchukuliwa na mshenga, mtu mzima, na hukaa chini akalisema polepole. La mtani huchekwa. Sikukosa adabu, nilifanya kama tulivyolelewa. Hata hivyo nililala na shaka, nikafunga mzigo. Ulikuwa mlangoni. Nikasema macho yawe vyovyote, nitakwenda, nitamwambia mwenyewe.

Ndipo ukafika wimbo wako. Hukujua. Ulirusha jiwe gizani, na gizani ndimo nilimokuwa. Nikasema, kumbe ndivyo watakavyoniona: ombaomba wa Ijumaa, anayeshikiwa fimbo. Kwa mtani huwezi kukasirika, wala huwezi kumwambia umeniumiza. Kwa hiyo nikakutania nami. Nikaufungua mzigo.

Sasa wamekwisha kumchinjia. Asiambiwe. Aliyeingia nyumba ya watu asipelekewe moto wa nyumba nyingine.

La kushoto limefunga. La kulia linaona mwanga na watu kama miti. Bwana Mpimamvua ameniacha nikae uani, nikimsikilizia mvua na kumwambia imeanza saa ngapi, maana hiyo bado naiweza.

Ulikwenda mlimani? Hilo nataka kujua. Mimi sitauona tena, na kwa muda mrefu nimebishana juu ya kitu nisichokiona. Niambie kilichopo.

Zubeiri


Nyaishozi, 6 Februari 1910

Kwa kaka yangu Zubeiri,

Shikamoo. Babu hajambo, haniongeleshi sana. Mama yako nimemwambia habari ya macho, kwake sikuweza kuficha. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza kama huko pwani wanajua kwamba hupendi chai ya baridi.

Barua yako nimeisoma peke yangu nyuma ya ghala la kahawa. Kisha nikaibandua ile picha ya Mirihi ukutani. Wateja wameuliza. Nimewaambia imeliwa na mende.

Uliuliza kuhusu mlima. Nimekwenda. Nimeukanyaga siku ya kumpeleka Shufaa.

Tulitoka asubuhi, wanawake wakipiga vigelegele, mimi mbele kwa kuwa ndiye ndugu wa kiume. Sanduku la bibi harusi alilibeba mama yako. Walimwambia lichukuliwe na mpagazi, akasema, "Hili lilikuwa lije kwangu. Acheni nilifikishe." Tukashuka bonde, tukapanda ng'ambo. Tulipofika mahali pa ule mstari nikawaacha wapite, nikaanza kutafuta mtaro wangu.

Palikuwa na mlamula mmoja, ule mti wanaoupanda Wanyambo kuonyesha mpaka wa shamba. Mbali nao, kichuguu. Halafu mlamula mwingine, umekauka. Kisha kibanja cha mjane mmoja, migomba imesinyaa. Mahali palipoungua. Jiwe kubwa. Kati ya kimoja na kingine ni nyasi tu, na ndama anakula. Nilipita huku na huku kama mbwa aliyepoteza harufu. Yule mjane akatoka na jembe begani.

"Unatafuta nini, mtoto wa Waswahili?"

"Mstari, mama. Ule mweusi."

"Mstari gani tena? Mstari si uko kwenu?" Akanyoosha mkono kuelekea nilikotoka. "Sisi huku tunauona kila siku. Watoto wangu husema Waarabu wa zamani waliuchimba."

Nikageuka. Wallahi, Zubeiri, ulikuwepo. Mweusi, umenyooka, umekata mlima wetu kutoka ghala la kahawa, ukapita dukani, ukapita mlangoni kwa Babu, mpaka kwenye makaburi. Na mimi nimezaliwa pale. Pale hakuna kitu. Kuna ghala, kuna mpera, kuna nyumba yenye watu wasiosemezana, kuna makaburi.

Hapo sikuwa nimeijua bado habari yako.

Nikakimbia nikawafikia. Shufaa alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini. Salmini alikuwa amekuja kutupokea nusu ya njia, akautandika mwenyewe kabla hata hajasalimu mtu. Na kile kitambi, nikwambie, ni cha kawaida tu. Nilikikuza mimi. Ni mtu mpole, anayesema kidogo, mkewe wa kwanza alifariki na bado anavaa kofia aliyomshonea. Sikuwahi kukuandikia hilo kwa sababu halichekeshi.

Shufaa akaniita karibu, akasema chini ya ushungi, "Gharib, mtu hubadilisha mkono akiwa amepatwa na jambo kwenye mkono, au kwenye jicho. Hukumuuliza?"

Nikasema, "Tulikuwa tunabishana habari za Mirihi."

Akasema, "Aha." Basi. Akajifunika, wakamwinua, tukaendelea. Hiyo "aha" nimetoka nayo Rubwera na ninayo mpaka leo, nikipima kahawa nayo, nikila nayo.

Sikumwambia lolote, wala sitamwambia. Lakini usidhani hajui.

Mirihi ina nini sijui. Labda wako wachimbaji, labda kuna vichuguu na ndama. Sibishi tena. La mlima wa ng'ambo umeshinda, na sharti ni sharti. Mvua zikikatika nitakuwa Bukoba, pale meli inapofunga. Nitaubeba mzigo wako mpaka mlangoni, nitalia kama punda mbele ya duka, na Babu atanisikia. Mkono wako utashika bega langu. Si fimbo, bega. Njia nzima nitakuambia kilichopo: huu mgomba, hili jiwe, huyu mtu fulani anatusalimu. Kimoja kimoja. Sitaunga kitu.

Mdogo wako,
Gharib


Tanga, 20 Machi 1910

Gharib,

Hii naandika mwenyewe. Bi Mwaja kanishikia ukingo wa karatasi tu. Kama maneno yamepandana, soma hivyo hivyo.

Shikamoo zako nimezipata, sasa zimezidi, zinanitia hofu. Nitakuja masika yakiisha. Njiani unitanie kidogo, nisije nikadhani nimekufa.

Rubwera usinipeleke. Lakini siku moja nipandishe mlima wa ng'ambo, unigeuze uso upande ule, uniambie kama kwao moshi unatoka. Moshi tu. Usiongeze neno.

Zubeiri